Programu za kuhariri video mtandaoni na video za kusimama: tudai au tuache?

#1 FundiPichaMwanza

Wakuu, salamu. Niko Mwanza, napiga picha na video za harusi, send-off na kipaimara. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, kwa hiyo mwaka wa pili sasa nahariri kwenye programu ya mtandaoni, zile unazofungulia ndani ya kivinjari na kulipia. Jina lake naliacha.

Juzi kwenye send-off bibi harusi akaniambia: "Kaka, ile ndefu mpe mama. Mimi nataka ya simu, ijae kioo chote." Nikamrekodia kwa simu imesimama, klipu arobaini na kitu. Nimepandisha zote, GB 3 za bando zimekwenda, nafungua mradi nakuta umbo ni moja tu, la kulala. Bibi harusi amekaa katikati kama mtu aliyebanwa na mlango, kushoto ukungu, kulia ukungu. Nikawaandikia wenyewe. Jibu: umbo la wima halimo kwenye kifurushi changu.

Hoja yangu ni hii. Programu inayochukua hela ya mtu leo inatakiwa iipokee video ya wima kwa ukamilifu: mradi wenyewe uwe wima, maandishi yapangike kwa wima, faili litoke pikseli 1080 kwa 1920. Kunikatia pembeni na kuniwekea ukungu hakuhesabiki. Anayepinga aje.

#2 MzeeLenzi

Nimekuja. Kazi hii nimeianza na kanda za VHS, kamera unaibeba begani hadi bega linalala ganzi. Macho ya binadamu yako mawili, yamepangwa kushoto na kulia, hayakupangwa moja juu ya lingine. Ndiyo maana tunaona upana kuliko urefu, ndiyo maana sinema ni pana, na televisheni ni pana.

Programu ikikukatalia inakufundisha. Ilaze simu, kijana. Ni kugeuza kiganja tu.

#3 DadaWaMadera

Mzee Lenzi shikamoo. Mimi nauza madera na kanga Kariakoo, wateja wangu wengi wako mikoani, hawajawahi kufika dukani.

Dera likitundikwa linasimama. Nikiilaza simu, mteja anaona ukuta wangu huku na huku, dera lenyewe limekuwa kama utepe. Nikiisimamisha, anaona shingo, mkono, darizi na pindo la chini. Kanga ni kinyume. Kanga inalala, na jina limeandikwa chini kwa upana. Ukiirekodi kwa wima lazima urudi nyuma sana, jina halisomeki, na mnunuzi wa kanga anataka kusoma jina kabla hajauliza bei.

Kwa hiyo mimi nahitaji yote mawili, tena kwa siku moja. Programu isinichagulie.

#4 Kibwana_wa_Ngamiani

Nimeweka kambi hapa 🍵

#5 KijanaWaKodi

Mleta mada, kabla hatujaingia kwenye macho ya Mzee Lenzi, kuna jambo la kiufundi wengi hawalijui. Kile kitambuzi cha picha ndani ya simu kwa kawaida kimelala. Ukiisimamisha simu na kurekodi, mara nyingi picha zinaandikwa vilevile zikiwa zimelala, 1920 kwa 1080, halafu simu inapachika maelezo mafupi ndani ya faili: "wakati wa kuonyesha, zungusha digrii 90." Kicheza video kikiyasoma, unaona mtu amesimama. Kisipoyasoma, unaona mtu amelala ubavu.

Programu nyingi za zamani zilikuwa hazisomi maelezo hayo. Nimewahi kupokea video ya mahafali ambayo mgeni rasmi alihutubia ukumbi mzima akiwa amelala. Kwa hiyo "kupokea wima" ni mambo mawili: kusoma maelezo ya mzunguko, na kuwa na mradi wenye umbo la wima. Hiyo yako inaonekana inasoma, lakini umbo haina.

#6 Mpwani_Msa

Hamjambo wa bara. Kutoka Mombasa hapa. Nataka kumjibu Mzee wetu kwa heshima. Ni kweli macho yanaona kwa upana, lakini hilo umbo la TV za leo, 16 kwa 9 (upana kwa urefu), halikutolewa machoni. Miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Kerns Powers, alichukua maumbo ya filamu na televisheni yaliyokuwapo, kuanzia lile la 1.33 (upana ukigawanywa kwa urefu) la TV za zamani hadi lile pana la 2.35 la sinema, akatafuta umbo moja ambalo yote yangeingia bila kupoteza sana. Likatoka kama 1.78, ndiyo hiyo 16:9. Ni mapatano ya viwanda.

Na lile la 1.33 nalo linarudi hadi maabara ya Edison, miaka ya 1890, kwa W.K.L. Dickson. Filamu ya milimita 35, kila picha inachukua matundu manne ya pembeni, upana unauzidi urefu kidogo. Vipimo vya mashine vilitangulia, sisi tukayazoesha macho baadaye.

#7 MzeeLenzi

Mpwani, nimekusoma na nimejifunza kitu. Lakini hujaniambia kwa nini katika miaka mia na ushee, kote duniani, hakuna aliyejenga ukumbi wa sinema wenye kioo kilichosimama. Watu walikuwa huru kufanya hivyo. Hawakufanya.

#8 Mpwani_Msa

Wazo lilikuwepo, Mzee. Mwaka 1930 mwongozaji filamu Mrusi, Sergei Eisenstein, alisimama mbele ya watu wa Hollywood akatetea fremu ya mraba, ili mwongozaji aweze kutumia wima au mlalo kadiri picha inavyotaka. Alilalamika kwamba vitu virefu vimefukuzwa kwenye sinema. Hawakumfuata, ni kweli. Lakini ukumbi una sababu zake. Viti vinapangwa kwa upana, na kioo kirefu kingetaka paa refu. Hilo ni jambo la jengo.

#9 Sele_Tandale

Hizi za kusimama zimeletwa na TikTok, kabla ya hapo watu walikuwa na akili zao. Pia zinakula bando zaidi.

#10 KijanaWaKodi

@Sele_Tandale hapana, mara mbili.

Kwanza, Snapchat ilikuwepo tangu 2011 na ilikuwa ya kusimama. Periscope, ile ya kurusha video moja kwa moja, ilipotoka Machi 2015 ilirusha wima tu, mlalo ukaongezwa baadaye mwaka huohuo. Stori za Instagram ni Agosti 2016. TikTok tunayoijua huku ilikuja kuunganishwa na Musical.ly, programu nyingine ya video fupi, Agosti 2018. Imekuta njia imeshachongwa.

Pili, bando. 1920 mara 1080 na 1080 mara 1920 ni pikseli zilezile, 2,073,600. Kinachokula bando ni kiwango cha data kwa sekunde. Video ya megabiti 8 kwa sekunde ni MB 1 kila sekunde, MB 60 kwa dakika, isimame, ilale, iinamie. Hasara ya kweli iko kwenye ule ukungu wa mleta mada: bibi harusi amebaki na pikseli 656,100, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya picha. Theluthi mbili zilizobaki ni ukungu, na bando la ukungu analipa mteja.

#11 Sele_Tandale

Sawa nimekubali la bando. La akili bado.

#12 MzeeLenzi

Na hesabu hiyohiyo ya Kodi inanitetea mimi. Ukichukua video iliyolala ukaikata iwe wima unabaki na theluthi moja. Ukichukua iliyosimama ukaipeleka kwenye TV ya ukumbini unabaki na theluthi moja. Hasara ni sawa pande zote. Basi chagua upande ambao mama wa bibi harusi, shangazi na wajomba wataukalia sebuleni wakaangalie pamoja. Video ya harusi haiangaliwi na mtu mmoja chini ya shuka.

#13 Mama_Nuru

Mzee hapo umenigusa. Video ya harusi yangu iko kwenye DVD, tunaitoa kila Krismasi, watoto wanaonyeshana babu yao aliyefariki akicheza. Ile ya simu ilipotea pamoja na simu.

#14 BintiMaskati

Assalaam alaykum. Mie nnaishi Maskati, kwetu Unguja, Malindi. Mdogo wangu kaolewa mwaka juzi na sikupata ruhusa kazini. Harusi nzima nimeiona kwa simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Ndugu zangu walikuwa wanarekodi kwa kusimama, kipande kipande, wananiletea. Nilimuona bi harusi kuanzia kilemba hadi hina za miguuni kwa mara moja. Baadae ikaja ile rasmi ya mpiga video, ya kulala, nzuri sana, wanawake wote wamo, lakini uso wa mdogo wangu ni kama punje kwenye kioo changu.

Mama yuko Unguja, anayo TV, ile ya kulala ndiyo yake. Mie yangu hii. Msitunyime mmoja wetu.

#15 FundiPichaMwanza

Dada Binti Maskati asante, umeisema kuliko mimi. Mzee, unaona? Familia moja, vioo viwili.

#16 MwalimuIshara

Mimi nafundisha wanafunzi viziwi. Naomba jukwaa lisikie upande huu.

Mtu mmoja anayezungumza kwa Lugha ya Alama anahitaji aonekane kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, uso na viganja viwe vikubwa, kwa sababu nyusi na midomo navyo vinasema. Kwenye simu iliyosimama anajaa vizuri sana. Wanafunzi wangu wanatumiana ujumbe hivyo siku nzima. Mlinganishe na mkalimani wa taarifa ya habari anayewekwa kwenye kisanduku pembeni, sawa na stempu.

Lakini sisemi wima ni dawa. Kuna alama zinazofungua mikono mpaka nje, kwenye wima vidole vinakatwa, na kidole kilichokatwa ni neno lililokatwa. Wakizungumza wawili au watatu, lazima ulaze. Nilikuwa nahariri masomo kwenye programu ya mtandaoni iliyokuwa ikikata yenyewe "katikati". Ilinikatia mkono wa kulia somo zima la hesabu. Programu ilidhani jambo la maana ni uso.

#17 Mpwani_Msa

Mwalimu, hapo kwenye kisanduku tuko pamoja. Kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 120, imetaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Bado kisanduku ni kilekile.

#18 MwalimuIshara

Nasi huku tunapigania ukubwa wa kisanduku. Uzi wake nitaufungua, huu tusiuharibu.

#19 Msimbo255

Mimi naandika programu, ingawa si za video. Watu wanadhani wima ni kubadilisha namba mbili. Ungekuwa mradi mtupu, ndiyo. Lakini programu hizi zinauza vitu vilivyokwisha kutengenezwa: vichwa vya habari vinavyoruka, mapambo, mandhari, klipu za kununua. Vyote vimechorwa kwa mlalo. Ukigeuza mradi, jina la bibi harusi linatoka nje ya fremu. Inabidi kila pambo lichorwe upya. Kisha mitandao yenyewe inafunika sehemu ya picha: kulia kuna vitufe vya moyo na maoni, chini kuna maelezo na jina la wimbo. Programu inayojali ingekuonyesha maeneo hayo ukiwa unahariri. Hiyo ni kazi ya miezi, na kampuni inajiuliza nani atailipia.

#20 Kibwana_wa_Ngamiani

Mimi naona sababu ni tofauti. Wanaotengeneza programu hizo wanakaa mbele ya skrini pana kutwa. Dirisha la video juu, mstari wa klipu chini, kila kitu kimelala. Ukiweka video iliyosimama hapo inakuwa ndogo, pembeni panabaki patupu, wanaona pabaya. Angekuwa anaijenga mtu anayehariri kwa simu kwenye daladala, asingeuliza swali hili.

#21 Msimbo255

Kibwana, lakini waliojenga kwa simu walishajenga. InShot, CapCut, KineMaster, zote zinakupa umbo unalotaka. Ndiyo sababu ya tatu hiyo: za mtandaoni zilidhani wateja wa wima wameshakwenda kwenye simu, zikabaki na walimu na maofisi.

#22 Dogo_Render

Nyie wote mnazunguka. Ni hela. Mleta mada kaambiwa "halimo kwenye kifurushi chako." Maana yake lipo, wamelifungia kabatini.

#23 Msimbo255

Haijasemwa kwamba lipo kwenye kifurushi kingine.

#24 Dogo_Render

Mkuu, "halimo kwenye kifurushi chako" kwa Kiswahili ina maana gani nyingine?

#25 KijanaWaKodi

Mleta mada atusaidie. Kwenye kifurushi cha juu lipo?

#26 FundiPichaMwanza

Nimeangalia ukurasa wa bei. Cha juu kimeandikwa "maumbo zaidi," hayakutajwa. Nimewauliza tena, bado kimya.

#27 Sele_Tandale

Si uhame? Clipchamp ya Microsoft inafanya wima. Canva inafanya. Bado umeng'ang'ania nini?

#28 FundiPichaMwanza

Nimelipia mwaka mzima, Sele. Na kazi zangu za nyuma zote ziko kule. Wateja wanarudi: "Kaka niongezee jina la marehemu baba kwenye ile video." Nikihama, miradi haihami nami. Zinahama video zilizokwisha pikwa tu, zile zisizofunguka tena kuhaririwa.

#29 MzeeLenzi

Hapo sasa umegusa ugonjwa wenyewe, na si wima wala mlalo. Kazi ya mteja umeiweka kwenye ghala la mtu. YouTube walikuwa na programu yao ya kuhariri mtandaoni, wakaifunga Septemba 2017, kila mtu akaambiwa achukue vyake. Sisi wa kanda, kanda iko kabatini kwangu. Ya 1996 ninayo.

#30 Mama_Nuru

Mzee, ya 1996 bado inacheza? Unyevu wa huku haujaila?

#31 MzeeLenzi

Nyingine zimeota ukungu, mama, siwezi kukuficha. Wa kweli kabisa, mweupe. Zile nzuri nimeanza kuzihamishia kwenye diski, moja moja, kwa muda wake wote. Kanda ya saa tatu ni saa tatu.

#32 Mpwani_Msa

Kumbe na Mzee ana ukungu wake wa pembeni 😀 Pole lakini, na hongera kwa kuziokoa.

#33 KijanaWaKodi

Fundi, kwa laptopu yako jaribu Shotcut. Ni ya bure, ya kusakinisha, ina umbo la wima, na inaweza kukutengenezea nakala nyepesi za kuhariria ili mashine isikwame. Faili zinabaki kwako.

Tahadhari moja. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja. Kwenye mwanga hafifu wa ukumbi zinapunguza. Ukihariri dakika ishirini, sauti inaanza kuachana na midomo. Zipitishe kwanza HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha faili za video, chagua kasi ya fremu isiyobadilika.

#34 FundiPichaMwanza

Kumbe ndiyo sababu hotuba ya mshenga iliniachana! Nilidhani ni kipaza sauti. Asante sana mkuu.

#35 BintiMaskati

Naomba kuuliza, hakuna TV inayogeuka?

#36 Sele_Tandale

Haipo.

#37 Mpwani_Msa

Ipo. Samsung walitoa inayoitwa Sero mwaka 2019, walianza kuiuza Korea Kusini. Inasimama na kulala. Bei yake tusiizungumzie. Na wale wa Quibi, huduma ya vipindi vifupi vya simu ya Marekani iliyoanza Aprili 2020, walirekodi vipindi kwa namna ya kwamba ukigeuza simu picha inageuka na kujaa vilevile. Kabla mwaka haujaisha wakafunga.

#38 MzeeLenzi

Ahaa.

#39 Mpwani_Msa

Mzee usishangilie mapema. Walikufa kwa mengi, na simu za watu bado zimesimama. Upande wa pili, IGTV, ile ya video ndefu ya Instagram, ilianza Juni 2018 ikikubali wima pekee, Mei 2019 ikakubali na mlalo. Aliyefunga mlango mmoja aliishia kuufungua.

#40 DadaWaMadera

Hata wachongaji wetu. Nina kinyago cha Kimakonde dukani, ule mnara wa watu waliobebana, ukiulaza hauna maana. Mbao nyingi za Tingatinga nilizoziona ni mraba. Kanga imelala. Hakuna aliyemwambia fundi umbo ni moja.

#41 MzeeLenzi

Dada, hiyo ya kinyago nimeikubali moyoni. Lakini mpira je? Nipe Simba na Yanga pale kwa Mkapa kwa wima. Utaona refa na majani.

#42 DadaWaMadera

Mpira siuzi, Mzee. Ulaze.

#43 FundiPichaMwanza

Wakuu narudi na majaribio. Nimefuata hesabu ya Kodi. Jana nimerekodi ndugu zangu wawili wakiigiza maharusi, kwa mlalo, 4K, 3840 kwa 2160, kisha nikakata wima. Unabaki na 1215 kwa 2160, inatosha kutoa 1080 kwa 1920 bila kuivuta. Ubora mzuri. Nimeifanyia Shotcut, mashine imehema lakini imefika.

Tatizo ni watu wenyewe. Wakikaa pamoja, sawa. Bwana harusi akisogea kumpokea mjomba, fremu inabaki na bibi harusi na nusu ya keki. Inabidi niisogeze fremu kwa mkono, hatua kwa hatua. Dakika tatu zimenichukua saa mbili na nusu.

#44 MzeeLenzi

Premiere, programu ya kuhariri ya Adobe, ina kitu kinachofuata mtu chenyewe, tangu 2019. Kijana wangu anakitumia. Ila kikiona watu wawili kinachanganyikiwa, na harusi ni watu wawili.

Nami niseme hili, maana nimekuwa mkali. Sijabadilika kuhusu macho. Lakini yule dada wa Maskati na ile chupa ya chai, nimelala nikiwaza. Nikipewa harusi yenye ndugu ng'ambo nitaweka simu moja imesimama, imtazame bibi harusi tu. Kamera kubwa italala.

#45 Dogo_Render

Basi programu iwe na maumbo yote mawili, uzi ufungwe.

#46 MzeeLenzi

Usifungwe. Sijasema programu iwe nayo. Nimesema nitaweka kamera mbili.

#47 MwalimuIshara

Mzee, ukimrekodi bibi harusi peke yake kwa wima, mikono isikatwe tafadhali. Kwenye harusi za viziwi kiapo kiko mikononi.

#48 FundiPichaMwanza

Mwalimu nimeiandika kwenye daftari.

Jumamosi hii nina kazi Nyakato, nitajaribu hiyo ya kamera mbili. Simu ya pili ninayo, stendi sina. Kuna mtu wa Mwanza ana stendi ndefu ya kuniazima siku moja? Iwe inafika kimo cha mtu.

#49 Kibwana_wa_Ngamiani

Mimi niko Tanga mkuu, ungekuwa jirani ningekupa.

#50 Mama_Nuru

Nipo Igoma. Ya marehemu mume wangu ipo, alikuwa anapigia picha za passport. Ina kutu mguu mmoja lakini inasimama. Njoo inboksi nikuelekeze.